Kuchuchumia na Kuchuchumaa

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo huwasumbua watoto wa shule ya msingi kwa sababu yanakaribiana mno kwa sauti. Kuchuchumaa ni kukunja magoti na kushuka mpaka makalio yakaribie visigino. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole vya miguu na kunyoosha mwili mzima ili mkono ukifikie kitu kilicho juu. La kwanza hushusha, la pili huinua. Katika miaka yangu ya ualimu, na baadaye ya ukuu wa shule, nimeyatafakari sana maneno haya, na ninaamini kwamba yafaa yafundishwe pamoja. Aghalabu mtu anayechuchumia leo alikwisha kuchuchumaa jana. Wahenga walilisema kwa namna yao: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ninalileta jambo hili kwa sababu tunaishi katika zama za picha. Picha hupenda kuchuchumia. Hupenda mkono uliokwisha kunyooka, tunda lililokwisha kushikwa, mguu uliokwisha kufika kileleni. Kule kuinama kulikotangulia aghalabu hakumo. Mtu akihukumu kwa picha peke yake atawadhulumu wengi, na hapa kwetu Litapunga ninawajua waliodhulumiwa hivyo.

Tuanze na picha ambayo karibu kila msomaji anayo nyumbani, ile ya darasa la saba wanapoagana na shule. Safu ya mbele wamechuchumaa vumbini. Safu ya katikati walimu wamekaa kwenye viti vilivyotolewa ofisini. Safu ya nyuma wamesimama, na nyuma yao wengine wamepanda benchi. Huko nyuma hakosekani mtoto mfupi aliyechuchumia ili sura yake ipenye kati ya mabega ya wenzake. Picha ikisafishwa, tunaiona sura yake na kucheka. Hatuvioni vidole vya miguu vinavyotetemeka juu ya benchi. Wala hatukumbuki kwamba kama wale wa mbele wasingekubali kuchuchumaa, hakuna wa nyuma ambaye angeonekana. Kufika kwa mmoja kuna nafasi iliyoachwa na mwingine.

Historia ya upigaji picha yenyewe inasaidia kueleza hayo. Njia ya Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, mwanga ulihitaji muda mrefu kuacha alama kwenye bamba. Mtu aliyetikisika alitoka kama ukungu. Ndiyo maana watu wa picha za kale wamekaa kama waliopigiliwa misumari, mikono imelazwa magotini au imeshikilia kiti. Hata picha nyingi za studio za Zanzibar za mwishoni mwa karne ya 19, kama zile za A. C. Gomes na za ndugu wa Coutinho, zina utulivu huo huo. Kwa miaka mingi, basi, kamera haikuweza kuuonyesha mkono ulio katika mwendo wa kufikia kitu. Ilimwona mtu aliyetulia tu.

Mabadiliko yalikuja mambamba na vifuniko vya lenzi vilipokuwa vyepesi zaidi. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kadhaa kwa mstari kando ya njia ya farasi na kumpiga picha farasi akienda mbio. Kabla ya hapo wachoraji wakubwa walikuwa wakimchora farasi wa mbio akiwa amenyoosha miguu ya mbele kwenda mbele na ya nyuma kwenda nyuma, yote minne ikiwa hewani. Mfaransa Géricault alichora hivyo mwaka 1821 mashindano ya Epsom, Uingereza. Picha za Muybridge zilionyesha kwamba ni kweli kuna nukta ambapo miguu yote minne huacha ardhi, lakini si pale inaponyooshwa. Ni pale inapokunjwa na kukusanywa chini ya tumbo. Macho ya wanadamu yalikuwa yamemtazama farasi kwa maelfu ya miaka, yakapenda kunyooka kwake, na yasione kukunjika kwake.

Sisi wa Mpanda hatuna sababu ya kwenda mbali kutafuta farasi. Hifadhi ya Katavi, iliyofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, iko mlangoni petu, na humo yumo twiga. Tazama kalenda, kanga na mabango ya watalii: twiga huwekwa aghalabu akiwa amesimama wima, shingo juu, ulimi umenyooshwa kwenye majani ya mgunga. Ana mifupa saba ya shingo, sawa na binadamu, ila kila mmoja umerefuka sana. Lakini shingo hiyo inayofika juu ya mti haifiki chini majini. Akitaka kunywa, mnyama mrefu kuliko wote duniani hulazimika kuitanua miguu ya mbele au kuikunja, na kuinama kwa taabu, akiwa katika hatari kubwa ya kuvamiwa na simba. Ndiyo maana hunywa kwa tahadhari, na maji mengi huyapata katika majani. Twiga wa kalenda na twiga wa kisimani ni mnyama mmoja.

Mti nao una somo lake. Wasomaji wengi wanaijua mninga kwa mbao za vitanda na milango. Wachache wamewahi kuuchunguza mche wake porini. Mvua zikinyesha huota, hutoa majani machache, na kiangazi kikija sehemu ya juu hukauka, au moto wa pori huipitia. Mtu asiyejua atasema umekufa. Masika mengine huchipuka tena kutoka shinani, hukauka tena, na hivyo hivyo kwa miaka mingi, hata kumi au zaidi. Muda huo wote mzizi unashuka na kunenepa, ukitafuta maji na kuweka akiba. Mzizi ukishakuwa na nguvu ya kutosha, shina hupanda kwa kasi, na safari hii halirudi chini. Ukimpiga picha mche wa mninga wa miaka sita, utaleta nyumbani picha ya kijiti kilichokauka.

Sasa nije kwa watu, maana hao ndio niliokusudia tangu mwanzo.

Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, ambayo watu wanaokadiriwa kati ya 100,000 na 300,000 waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania. Serikali yetu, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la TCRS, iliwapa makazi Katumba, hapa hapa kwetu Mpanda, na Ulyankulu, mkoani Tabora. Mishamo ilifuata mwaka 1978. Wakati huo sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa msitu wa miyombo wenye mbung'o. Wakonongo, Wabende na wenyeji wengine walisogea, nafasi ikapatikana. Hao ndio safu ya mbele katika picha yangu, na shukrani zao hazikuandikwa sana. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Ilikuwa nishani ya taifa, na kwa haki kipande chake kilikuwa cha watu wa vijiji hivi.

Picha iliyotangulia kwenda duniani ilikuwa ile ambayo sote tunaijua, kwa sababu hupigwa vivyo hivyo kila mahali penye wakimbizi: mikono imenyooshwa kuelekea gunia la unga au ndoo ya maji. Picha hiyo si ya uongo. Watu walikuwa na njaa, na mikono waliinyoosha kweli. Lakini picha ikishapigwa haizeeki pamoja na watu wake. Miaka mingi baadaye nilisikia watu wazima mjini, waliosoma, wakiwaita jirani zetu hawa "wale wa kunyoosha mkono". Walikuwa wakiitazama picha ya siku moja.

Sisi tuliokaa nao tuliiona miaka iliyofuata, ambayo wapiga picha hawakuwa na haja nayo. Msitu ulifyekwa kwa shoka na panga. Mihogo, mahindi na maharage yalistawi, na tumbaku ikauzwa. Ilipofika miaka ya 1980 makazi haya yalikuwa yanajilisha, na chakula chake kilinunuliwa na watu wa nje. Mwenye kulima kwa jembe la mkono hufanya kazi yake ameinama, uso kwenye udongo. Hapo hakuna mkono ulionyooshwa wa kupigwa picha, kuna mgongo tu. Watoto wao walikaa madarasani pamoja na wetu, na katika hesabu hawakuwa nyuma ya mtu.

Kisha ikaja picha nyingine, ndogo kuliko zote. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Umoja wa Mataifa walikubaliana kuwapa wakimbizi wa mwaka 1972 hiari: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Kati ya watu wapatao 218,000, wanne katika kila watano walichagua kubaki. Ndipo pasipoti saizi ilipotafutwa kwa bidii. Wasomaji wanaijua picha hiyo: uso na mabega, masikio yaonekane, usicheke. Mikono haimo kabisa. Ilikuwa picha ya kwanza ya watu hao isiyoonyesha mkono ulionyooshwa, nayo ndiyo iliyowafikisha mbali kuliko zote.

Hata hivyo haikuwafikisha mara moja. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, nao walitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Lakini vyeti havikutolewa, kwa kuwa kulikuwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine kwanza. Waliikana nchi moja na hawajakabidhiwa karatasi ya nyingine. Mtu hakujua apande miti ya matunda au asipande, ajenge kwa tofali za kuchoma au aache. Mpango wa kuwahamisha ulipoachwa, vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1972 alikipokea chake akiwa na umri wa miaka 42 au zaidi. Mninga haukawii hivyo.

Wapo wasemao kwamba walipewa uraia kwa huruma tu. Huruma ilikuwapo, na sioni haya kwa hilo, kwa kuwa taifa lisilo na huruma halina cha kujivunia. Lakini wasemao hivyo wanaisoma picha ya mwisho bila zile za kati. Kabla ya mkono kukifikia cheti palikuwa na miaka arobaini na miwili ya kuinama shambani.

Basi nina ombi kwa vijana, ambao siku hizi wana kamera ndani ya simu na hupiga picha kwa siku moja kuliko tulizopiga sisi kwa miaka kumi. Mkihifadhi picha ya mtu aliyefika, andikeni kando yake, kama sisi tulivyoandika kwa kalamu nyuma ya karatasi: majina, mahali, mwaka, kisha mstari mmoja wa kile ambacho picha haikukiona. Katika picha zangu za shule nimeanza kazi hiyo, safu kwa safu. Nimewaanza wale waliochuchumaa mbele, kwa sababu majina yao ndiyo yaliyo karibu kusahauliwa.