Maana ya "Outdo" na "Excel": Usizichanganye Kwa Barua ya Kazi

Msee yuko Likoni anangoja feri, anaandika barua ya kazi kwa simu: "I excelled my workmates." Anataka kusema aliwapita wenzake kazini. Idea iko poa, lakini sentensi imeteleza, na bosi akiisoma anaweza kuiweka kando mapema.

Outdo ni kumpita mtu kwa jambo fulani: kumpiku, kumzidi. Lazima umtaje anayepitwa. Jana ni outdid, na kwa jambo lililokwisha ni have outdone. "Outdoed" haipo, usijaribu.

Excel ni kutia fora, kung'ara. Haimtaji uliyemwacha nyuma, inataja pale uliponga'ra: excel in maths, excel at swimming. Ikiwa ni jana, L zinakuwa mbili: excelled. Ile Excel ya Microsoft ya tangu 1985 ni programu ya kompyuta, nayo huandikwa kwa herufi kubwa.

Je, utakumbuka vipi? Jaribu kwa Kiswahili kwanza. Kitenzi kikikubali "m" au "wa" ndani yake, kama nimempiku au tumewapiku, tumia outdo. Sasa sema "nimemtia fora". Ulimi umekataa, sivyo? Basi hiyo ni excel.

Tuchukue mpira. Ligi Kuu ya 2018, Gor Mahia walikuwa mabingwa na Bandari yetu ikamaliza ya pili: Gor outdid Bandari. 2019 Bandari wakabeba kombe la Ngao: Bandari excelled in the Shield. Timi ni ile ile, lakini kitenzi kimebadilika kwa sababu sentensi ya pili haimtaji aliyeshindwa.

Kuna pia outdo yourself, yaani kujipita mwenyewe. Ukila biriani kwa shangazi Kisauni ukamwambia "you've outdone yourself", umemsifu kweli. Lakini ukisema jirani yako Changamwe "is always trying to outdo others", umemuita mtu wa mashindano.

Ndio maana hata "I outdid my workmates" haifai kwa barua, ingawa grama iko sawa. Bosi atakuona unawakanyaga wenzako. Andika "I excelled at my work", halafu taja ulichofanya. Msee wetu airekebishe kabla feri haijafika ng'ambo.