Tigoni, Lari, Naivasha: Usiku Mmoja Tuliofunzwa Vipande Vipande

Wasee, historia ya Kenya tulifunzwa kama orodha ya tarehe. 1895 hii, 1920 ile, 1963 bendera ikapanda, haya funga kitabu. Mimi chuo niliacha, lakini historia sijaiacha. Siku hizi naisoma kwa baiskeli. Ukipanda Limuru kwa matatu unalala. Ukiipanda kwa baiskeli unahesabu kila kona, na ukisimama kuvuta pumzi lazima uulize: hii ardhi ilikuwa ya nani?

Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu safari ya siku moja, Nairobi hadi Naivasha, na usiku mmoja ambao uko kando ya njia yote: Machi 26, 1953. Usiku huo mambo mawili makubwa yalitokea, moja Lari, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, lingine Naivasha, chini. Moja tunaliita aibu, lingine ushujaa, na kila moja lina ukurasa wake. Mimi nasema ni hadithi moja.

Inaanzia Tigoni. Nilifika huko asubuhi, ukungu bado uko chini, majani chai pande zote mpaka macho yanachoka kuona kijani. Pazuri sana, na hapo ndipo shida ilipoanza. Wakati wa ukoloni Limuru ilikuwa sehemu ya ardhi ya wazungu, lakini Tigoni walibaki Waafrika, katikati ya mashamba ya masetla. Walowezi hawakutaka majirani hao. Tume ya ardhi ya Carter, miaka ya 1930, ikapendekeza wahamishwe, na kufikia 1940 wakawa wamehamishwa. Wapelekwe wapi? Lari, juu zaidi, kwenye baridi. Chifu Luka wa Kahangara alikubali kuhama na akapata ardhi huko. Wengine walikataa, wakaondolewa kwa nguvu. Machoni mwao Luka alikuwa ameuza nyumbani kwao.

Kutoka Tigoni hadi Lari kwa baiskeli ni masaa machache tu, hata ukiwa na miguu ya mtu wa mtaani kama mimi. Ni mlima baada ya mlima, viazi, karoti, kabeji, watoto wanakukimbiza wakipiga kelele. Umbali ni mdogo. Lakini hasira ilikaa hapo kati zaidi ya miaka kumi.

Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walishambulia maboma ya Luka na ya familia za ngati, yaani homugadi. Wanaume wengi wa ulinzi walikuwa wameondolewa kwenda doria mahali pengine. Nyumba zilichomwa watu wakiwa ndani. Luka aliuawa. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto, na hakuna maneno matamu ya kuficha hilo.

Sasa sehemu ambayo kitabu chako kiliruka. Usiku huo huo na siku zilizofuata, homugadi, polisi na wanajeshi walilipiza kisasi, wakaua watu wengi wa Lari bila kesi wala maswali. Serikali ya kikoloni ilisambaza picha za mauaji ya kwanza duniani kote. Ya pili ikanyamazia. Kisha zikaja kesi, na zaidi ya watu 70 wakanyongwa kwa ajili ya Lari pekee.

Nilisimama kwa kibanda cha chai nikamuuliza guka mmoja kama anajua boma la Luka lilikuwa wapi. Alinitazama, akatazama baiskeli, akaniuliza, "Kijana wangu, kwanza niambie, nyinyi mlikuwa upande gani?" Manze, miaka sabini na zaidi! Nilimwambia, "Guka, mimi sijui, ndiyo maana nauliza." Akanionyesha kwa kidole, akarudi kwa chai yake. Hakuongeza neno.

Nilirudi nyuma nikashika barabara ya zamani kuelekea Mai Mahiu. Hapo hupigi pedali, unashika breki na kuomba Mungu, malori yanakupumulia shingoni. Lakini hata huo mteremko una wenyewe. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilojenga 1942 bado liko kando ya njia. Sisi hupiga picha hapo, tunapost, tunaenda.

Bondeni, Longonot iko mbele yako, mita 2,776, na upepo unakupiga usoni. Longonot ni jina la Kimaasai. Naivasha pia. Wenye hayo majina waliondolewa bondeni kwa mkataba wa 1904 ili walowezi wapate nafasi. Kwa hivyo Tigoni haikuwa ya kwanza.

Jioni nikafika Naivasha. Usiku ule ule wa Lari, kikosi cha Mau Mau kikiongozwa na Mbaria Kaniu kilivamia kituo cha polisi hapa, kikachukua bunduki na risasi, na kuwafungulia wafungwa zaidi ya 170. Hiyo ndiyo stori tunapenda. Inafaa filamu, hakuna mtoto anayelia ndani yake.

Lakini huwezi kuchukua Naivasha ukaiacha Lari. Waliopigana pande zote mbili walitoka kwa shida moja: ardhi iliyochukuliwa na serikali, kisha masikini wakaachwa wagombanie kilichobaki. Ukiambiwa Lari bila Tigoni, utaamini watu walikuwa wanyama tu. Ukiambiwa Naivasha bila Lari, utaamini uhuru haukugharimu watoto wa mtu.

Na wajukuu wa pande zote mbili wako Lari leo. Wanasoma darasa moja, wanapanda matatu moja, wanaoana. Wanaogopa kuuliza kwa sababu swali lenyewe linakuweka upande.

Mimi nasema tuulize tu. Kama una cucu au guka wa huko, mpigie wiki hii. Usimuulize nani alikuwa msaliti. Muulize walihamishwa kutoka wapi. Ukianzia hapo, atakuwa na mengi ya kukuambia.