Neno Badala ya Fedha: Historia Fupi ya Filamu za Kisayansi za Gharama Ndogo

Mwandishi wa riwaya aweza kuandika, kwa sentensi moja tu, kwamba mji mzima uling'oka ardhini ukapaa angani, naye asipate hasara ila ya wino na karatasi. Mwongozaji wa filamu akitaka jambo lilo hilo lionekane machoni mwa watazamaji, hana budi kutafuta mafundi, mitambo, maleba na miezi kadhaa ya kazi, na vyote hivyo vyahitaji fedha. Ndiyo maana hadithi ya kubuni ya kisayansi ni miongoni mwa aina za filamu zinazomwelemea sana mtu maskini. Hata hivyo, nyingi katika filamu hizo zilitengenezwa na watu ambao hawakuwa na kitu. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watu hao walivyoliziba pengo lililokuwapo baina ya hadithi na mfuko. Rai yetu ni kwamba waliliziba kwa lugha, na kwamba ubora na udhaifu wa kazi zao hutegemea zaidi namna lugha hiyo ilivyotumiwa kuliko uhafifu wa vifaa. Ikiwa ndivyo, basi suala hili si la wanasinema peke yao.

Tunaposema filamu ya gharama ndogo hatuna maana ya kiasi maalumu cha dola. Tunakusudia filamu isiyoweza kununua kile ambacho hadithi yake yataka kionyeshwe.

Chanzo cha wingi wa filamu hizi nchini Marekani kilikuwa cha kibiashara. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi katika kesi iliyoihusu kampuni ya Paramount, uamuzi uliosababisha makampuni makubwa ya Hollywood kuachana na majumba ya sinema yaliyokuwa yakiyamiliki. Makampuni hayo yakapunguza filamu ndogo ndogo za kujazia programu, na papo hapo televisheni ikaanza kuwafungia watu nyumbani. Wenye majumba, na hasa wenye sinema za magari (aina ambayo wakazi wa Nairobi waliijua kwenye Barabara ya Thika na ile ya Mombasa), wakawa wanatafuta filamu mbili za bei nafuu za kuonyesha usiku mmoja. Mwaka 1954 James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff walianzisha kampuni ambayo tangu 1956 ilijulikana kwa jina la American International Pictures. Desturi yao yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa lugha: kwanza lilibuniwa jina la filamu, kisha likachorwa tangazo, na wenye sinema wakishavutiwa ndipo filamu yenyewe ilipotengenezwa. Neno lilitangulia, picha ikalifuata mbio huku ikihema.

Mara nyingi picha haikulifikia. Mwaka 1955 ilitokea filamu iitwayo The Beast with a Million Eyes, yaani Mnyama mwenye Macho Milioni, ambayo Roger Corman alikuwa msimamizi wake. Tangazo liliahidi dude la kutisha; fedha ya kulitengeneza dude hilo haikuwapo. Njia iliyopatikana ni ya ujanja wa maneno. Mwanzoni mwa filamu sauti ya mgeni kutoka anga za mbali inatueleza kwamba atauvamia ulimwengu wetu kwa kuingia katika akili za ndege na wanyama, na kuyatazama mambo yetu kwa macho yao. Hayo ndiyo macho milioni. Tangu hapo kuku, mbwa na ng'ombe wa shamba moja la mitende katika jangwa la California wanatosha kuwa jeshi la uvamizi. Wenye sinema walilalamika kuwa hawakumwona mnyama waliyeahidiwa, na fundi Paul Blaisdell akaombwa aunde kikaragosi cha kuwaridhisha. Yasimuliwa kwamba alipewa dola 200 tu. Sehemu ya kikaragosi hicho ndiyo mbaya kuliko zote. Wazo lililozaliwa na ufukara lilikuwa jema: kuku wa nyumbani, anapotazamwa kwa shaka, anatisha kuliko kinyago cha mpira. Lakini waliolibuni hawakuliamini, wakalichukulia kuwa ni udhuru tu.

Hapa twaweza kutofautisha kazi mbili za neno katika filamu hizi. Kuna neno linalojenga, yaani linalomfanya mtazamaji aone kisichokuwapo. Na kuna neno linaloomba radhi, yaani linaloeleza kwa nini kilichopo si kile tulichoahidiwa. Mifano ya aina ya pili ni mingi mno. Katika Robot Monster ya Phil Tucker (1953), iliyopigwa kwa siku chache tu, mwangamizi wa binadamu wote ni mtu aliyevaa ngozi ya sokwe na kichwani kofia mfano wa ile ya wapiga mbizi. Anaitwa Ro-Man, na inatubidi tuelezwe tena na tena kuwa ni wa kutisha, kwa sababu macho yetu hayakubali. Katika Plan 9 from Outer Space ya Edward D. Wood, iliyopigwa 1956 na kuenezwa 1959, mwigizaji Bela Lugosi alikuwa amekwisha kufariki akiacha dakika chache tu za picha. Nafasi yake ikajazwa na mtu mwingine aliyejifunika uso kwa joho. Usiku unageuka mchana katikati ya tukio moja. Msimulizi, Criswell, anatutajia yale yale tunayoyaona, tena kwa madaha makubwa, kana kwamba sisi ni vipofu.

Filamu hii ya mwisho imechekwa mno, na kicheko hicho kimewafanya wengi wasisikie inachosema. Mgeni wa kutoka sayari nyingine anawaambia binadamu kwamba wamekuwa wakiunda bomu kubwa baada ya bomu, na kwamba bomu lijalo litaulipua mwanga wa jua wenyewe na kuuangamiza ulimwengu mzima. Anayajibiwa kwa ngumi. Katika siku za Vita Baridi, hoja ya kwamba adui huenda ana haki na kwamba shujaa wetu ni mpigaji tu haikuwa hoja nyepesi kutolewa na kampuni kubwa. Wood aliweza kuitoa kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye fedha nyingi za kupoteza. Kasoro yake ni kwamba aliitoa kwa lugha iliyopinda: mgeni huyo anahubiri, anatukana, anarudia aliyokwisha kuyasema. Hoja nzuri ikafia kinywani mwa msemaji mbaya. Sahani zake za kuruka, ambazo ndizo watu hupenda kuzitaja, zina hatia ndogo katika jambo hilo.

Kwa neno linalojenga, hapana budi tuvuke bahari twende Ufaransa. La Jetée ya Chris Marker (1962) yachukua dakika 28, na karibu yote ni picha mnato zilizopangwa moja baada ya nyingine. Mara moja tu, kwa muda wa kupepesa, mwanamke aliyelala anafungua macho yake na picha inatembea. Kisa chenyewe, kwa fedha za kawaida za sinema, kingehitaji mali nyingi: vita vya tatu vya dunia vimeiteketeza Paris, waliosalia wanaishi chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anatumwa kurudi katika wakati uliopita kwa kuwa ameshikilia kumbukumbu ya uso wa mwanamke aliyemwona utotoni kwenye uwanja wa ndege wa Orly. Mtambo wa kusafiria katika wakati ni machela, sindano na vitambaa vilivyofunika macho. Basi. Msimulizi hatoi maelezo ya jinsi unavyofanya kazi, wala haombi radhi. Anasimulia kwa utulivu wa mtu anayesoma kumbukumbu za kale, na kwa kuwa mwanzoni anasimulia katika wakati uliopita, yale ambayo kwetu ni yajayo yanapata uzito wa yaliyokwisha kutukia. Umahiri huo ni wa kisarufi kabla ya kuwa wa kisinema.

Tena kuna jambo ambalo wahakiki wa picha hulipita upesi. Watesaji wa chini ya ardhi hunong'onezana, na minong'ono hiyo ni ya Kijerumani. Filamu haiwatafsirii watazamaji. Ilikuwa imepita miaka kumi na minane tu tangu Paris ikombolewe mikononi mwa Wajerumani, na kila Mfaransa mtu mzima alizijua sauti zile. Kwa maneno machache yasiyoeleweka, Marker aliupata woga ambao kiwanda kizima cha vinyago kisingeweza kuuunda. Terry Gilliam alipokitumia kisa hicho kuwa msingi wa Twelve Monkeys mwaka 1995, alikuwa na mamilioni ya dola. Filamu yake ni nzuri, lakini minong'ono ile haimo.

Mwaka 1965 Jean-Luc Godard alifuata njia iliyo karibu na hiyo katika Alphaville. Hakujenga mji wa siku zijazo. Yeye na mpigapicha wake Raoul Coutard waliipiga Paris ya wakati huo, usiku, katika majengo yake mapya ya vioo na saruji, wakaiita jina lingine. Mji huo unatawaliwa na kompyuta, Alpha 60, ambayo sauti yake ilitolewa na mtu aliyekuwa amepoteza koo lake na kufundishwa kusema upya. Kitabu kinachoheshimiwa kama Biblia katika kila chumba ni kamusi, na kamusi hiyo hubadilishwa mara kwa mara, maneno yakiondolewa. Msichana Natacha hajui maana ya kupenda kwa sababu neno lenyewe limefutwa. Huenda hakuna filamu nyingine ya kisayansi inayomhusu mwanaleksikografia moja kwa moja kama hii. Kasoro yake ni ya tabia ya Godard: kuna mahali ambapo wahusika wanakuwa vipaza sauti vya masomo yake, na mtazamaji huanza kuhesabu taa za barabarani.

Mifano ya Marekani ya baadaye yathibitisha kwamba somo hili halikuwa la Wafaransa pekee. Dark Star (1974) ilianza kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, John Carpenter na Dan O'Bannon, ikagharimu takriban dola 60,000. Mnyama wake wa kigeni ni mpira wa kuchezea ufukoni uliopakwa rangi na kutiwa miguu, na hakuna anayejaribu kutudanganya kuhusu hilo. Nguvu ya filamu imo katika mazungumzo baina ya mwanaanga na bomu lenye akili. Bomu limeamriwa lilipuke; mwanaanga, ili kuliokoa jahazi, anajaribu kulifundisha falsafa, akiliuliza lajuaje kwamba amri lililoisikia ni ya kweli. Bomu linakwenda kutafakari. Linarejea na hitimisho lake lenyewe, na hitimisho hilo si la kumwokoa mtu. Primer ya Shane Carruth (2004), iliyotengenezwa kwa dola 7,000 na kushinda tuzo kuu ya majaji huko Sundance, yatumia lugha kwa namna nyingine. Vijana wawili wahandisi husema lugha ya kazi yao bila kuielezea, nasi twaamini kuwa sanduku lao la bati laweza kurudisha wakati kwa kuwa watu hawa hawasemi kama waigizaji. Katika theluthi ya mwisho, hata hivyo, istilahi na mafumbo yanamzidi mtazamaji hata asijue nani ni nani. Lugha inayojenga yaweza pia kujenga ukuta.

Hapo ndipo tunapofika Kenya. Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) ni filamu ya dakika ishirini na kidogo, iliyopata msaada wa fedha za nje, ikapigwa Afrika Kusini na kuonyeshwa Sundance mwaka 2010. Miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji, jamii iitwayo Maitu inaishi ndani ya kuta. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapelekewa udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu ndani yake, na anatoroka kwenda kuipanda jangwani. Picha zake ni safi na zenye heshima, na mwisho wake hausahauliki. Lakini watu hawa kwa sehemu kubwa hawasemezani kwa vinywa: maneno yao huja kwa maandishi ya skrini na sauti ya mashine, na lugha ni Kiingereza. Kiswahili kimepewa jina la filamu. Kikuyu kimepewa kibandiko kwenye chupa ya mbegu, kinacholieleza neno maitu kuwa ni muungano wa ukweli na yetu. Mwanaisimu atakubali kipande cha pili, kwani kimilikishi hakika kimeshikamana na jina la ukoo katika neno hilo, kama inavyodhihirika tukiliweka kando ya nyũkwa na nyina; kipande cha kwanza atakitilia shaka.

Ukimya huo waweza kutetewa, maana jamii iliyokatazwa kuota huenda imekatazwa kunena pia. Lakini filamu hii ilitegemea picha, yaani kile kilicho ghali, na ikaiacha kando lugha, ambayo wenyeji wanayo bila ya kuinunua. Tujiulize mashine ile ingemwamrisha Asha vipi kwa Kiswahili: ingemwita dada, mama, au ingemtaja kwa nambari? Tujiulize pia swali ambalo Kiingereza hakiwezi kuliuliza kwa namna hii. Bomu la Dark Star, katika Kiswahili, lingeanza kwa ngeli yake: bomu limesema, bomu limekataa. Lakini bomu linalobishana, linalotafakari na kutia shaka lataka upatanisho wa viumbe wenye uhai. Mwandishi wa filamu angepaswa kuamua ni katika sentensi ipi hasa mwanaanga anaacha kusema limesema, na kwa mara ya kwanza, pengine pasipo kujua, anasema amesema.