Pembe Zilizoiangusha Pou-du-Ciel

Henri Mignet, Mfaransa aliyesomea ufundi wa redio, aliamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kujijengea ndege nyumbani na kuirusha mwenyewe. Ndege yake ya HM.14, aliyoiita Pou-du-Ciel, iliruka Septemba 1933. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chenye michoro na vipimo, na watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaanza kuranda mbao. Muda si muda ndege hizo zikawa zinazamisha pua chini na kuua waliozirusha. Lawama ziliwaangukia wajenzi. Naona walionewa: kiini cha maafa kilikuwa uhusiano wa pembe za mabawa mawili, jambo ambalo pima maji ya fundi isingeweza kulifichua.

Kanuni ya pembe hizo haikuwa ngeni. Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, mvumbuzi Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, ikaenda mita 40 hivi bila rubani kwa sababu mkia wake aliufunga kwa pembe ndogo kuliko ya bawa. Uzito ukikaa mahali pake, tofauti hiyo huirudisha pua kila inapoinuka au kuinama. Mignet alifuata njia nyingine. Bawa la nyuma alilikaza, la mbele akaliweka juu yake kidogo, likicheza kwenye bawaba. Rubani akivuta usukani, pembe ya bawa la mbele huongezeka na pua huinuka. Ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ulikaribiana sana na bawa la pili, na hewa iliyopita katika mwanya ule ililiongezea bawa hilo nguvu ya kuinua. Mignet aliutaka mwanya huo, kwani ulisaidia ndege isipoteze nguvu ghafla ikienda polepole. Lakini pua ikiwa imeinama sana, kuvuta usukani kuliinua sehemu ya nyuma zaidi kuliko ya mbele, na rubani akazidi kuzama kwa kufanya lile lile alilofundishwa.

Wapo watakaosema kuwa wajenzi walifunga injini za kila aina na kuuacha uzito urudi nyuma mno. Ni kweli, na hilo lilizidisha hatari. Hata hivyo, mwaka 1936 ndege nzima zilipimwa katika mahandaki ya upepo ya Chalais-Meudon, Ufaransa, na Farnborough, Uingereza. Huko Farnborough ilionekana kwamba pua ikishainama takriban nyuzi 15, usukani uliovutwa hadi mwisho haukutosha kuirudisha. Aliyeufuata mchoro kwa uaminifu alikuwa hatarini pia. Wengine watauliza kwa nini basi kazi hii isiachiwe wahandisi peke yao, na serikali kweli zilizipiga marufuku. Lakini vipimo vile vile vilionyesha pa kurekebisha: mpangilio wa mabawa na mwanya kati yake ulibadilishwa, na ndege za ukoo huo zilizobuniwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zimeendelea kujengwa na kurushwa nchini Ufaransa.