Sheha na Mzazi Wake

Anayepanga data za mauzo au huduma za Unguja hukutana mapema na suala la ngazi. Wengi huipa kila ngazi safu yake: mkoa, wilaya, na shehia, yaani eneo la sheha. Njia nyingine ni jedwali la mzazi na mwana, ambamo kila mstari hubeba namba yake na namba ya mzazi wake tu, yaani ngazi iliyo juu yake, kisha programu hupanda yenyewe hadi juu. Historia ya kisiwa inaunga mkono njia hii ya pili, kwani huko Unguja mwana amedumu kuliko wazazi wake.

Katikati ya karne ya 19, masheha wa Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, waliwajibika kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi aliyekaa Dunga, na kodi ya vijiji ikagawanywa kati yake na Sultani. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki 1865, mwanawe Ahmed akafariki 1873, na utawala huo ukakoma. Masheha walibaki, wakapata wakubwa wengine. Enzi ya Waingereza, iliyoanza 1890, ilileta mamudiri, maofisa wa utawala. Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 matawi ya chama cha Afro-Shirazi yalishika kazi za vijijini, na kwamba sheha wa leo ni mtumishi wa serikali, tofauti kabisa na yule wa Dunga. Lakini Chwaka na Nungwi ni zile zile. Kilichobadilika ni nani yuko juu yake. Juzi tu, sensa ya 2012 ilihesabu wilaya moja ya Magharibi, ya 2022 ikahesabu Magharibi A na Magharibi B. Kila shehia iliyohusika inahitaji mstari mpya wenye namba yake, mzazi mpya na tarehe, ili hesabu za 2012 zisiangukie wilaya ambayo haikuwepo.

Watetezi wa safu husema ripoti zao ni nyepesi na hufunguka haraka, na hilo ni kweli. Ila safu hudai kila tawi liwe na kina kimoja. Shangani na Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, zinakaa moja kwa moja chini ya Wilaya ya Mjini. Kajengwa na Nganani kwanza ni za Makunduchi, mji unaoadhimisha sherehe ya Mwaka Kogwa kwa pamoja, ndipo Wilaya ya Kusini. Ukilazimisha safu, Makunduchi itapotea, au Shangani itajazwa nafasi tupu. Pingamizi zito zaidi kwa jedwali la mzazi na mwana linatokana na “watu wanne”, wazee waliosimamia kijiji kwa pamoja: jedwali hukubali mzazi mmoja tu, na ukimpa mwana wazazi wawili mauzo yake yatahesabiwa mara mbili. Mamlaka ya namna hiyo yanahitaji jedwali lake pembeni. Kwa mengine yote, wanaoandaa data za Zanzibar waanzie kwenye shehia, na kila mzazi wamwandikie tarehe.