Mwalimu na Dola katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, mwalimu alitiliwa shaka na dola kabla hajawa mtumishi wake. Mwaka 1908 ilizuka Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwahimiza Waislamu watubu kwa kuwa Kiyama kimekaribia. Makaa ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 Umatumbi, nyuma ya Kilwa, yalikuwa hayajapoa. Wajerumani wakaiona barua kuwa mbegu ya uasi mwingine, na walimu wa Kurani wakamulikwa. Ajabu ni kwamba shule za serikali, zilizofundisha bila dini ili kupata makarani na maakida, nazo hazikusalimika: wamisionari walizilaumu kwamba zinaeneza Uislamu.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani, walitumia waraka. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, marufuku iliyokiumiza Chama cha Waafrika wa Tanganyika (TAA), kwani kilitegemea mno walimu na makarani. Hata Julius Nyerere, aliyefundisha shule ya misheni Pugu, alilazimika 1955 kuchagua kati ya chaki na TANU, chama kilichoirithi TAA. Akaiacha chaki.

Uhuru haukuuondoa wasiwasi huo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, vyama vikavunjwa, kikaundwa chama kimoja tu cha wafanyakazi wote, NUTA. Walimu walikaa takriban miaka 30 bila chama chao, hadi Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilipoandikishwa 1993.

Pamoja na hayo, uhasama ulivaa sura ya dharau. Waliopewa mafunzo ya muda mfupi watoto walipofurika madarasani kwa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) waliitwa "walimu wa UPE", na kizazi kilichofuata "voda fasta", kana kwamba uharaka ule waliuamua wao. Matokeo ya mitihani yakiwa mabaya, mwalimu ndiye aliyebeba lawama. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko, naye akafukuzwa kazi.

Kusini mzigo wa mwalimu ulikuwa mzito zaidi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara ilikatika. Kwa mwalimu, kupangiwa kazi huko kulionekana adhabu. Kisiwa cha Songo Songo hadi leo hakifikiki kwa barabara. Ndiyo maana, CWT ilipoitisha mgomo wa nchi nzima Julai 30, 2012, dai la posho ya asilimia 30 kwa mazingira magumu lilikuwa na uzito wake pwani hii, ingawa dai la nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 ndilo lililotangazwa zaidi. Rais Jakaya Kikwete alisema Serikali haina uwezo wa kulipa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliutamka mgomo kuwa batili, na walimu wakarudi darasani bila nyongeza waliyoidai.