Kashfa Zenye Majina na Kashfa Zisizo na Jina: Kiambishi "-gate" Mbele ya Kiswahili

Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Kericho kuelekea Kisumu hupita Kapsoit, kituo cha biashara katika nchi ya chai. Jina la kituo hicho huanza kwa Kap-, kiambishi awali cha Kikipsigis kinachoarifu kwamba kitajwacho ni pahali, yaani makao ya mtu au ya watu fulani. Ndivyo yalivyo pia majina Kapkatet, Kaplong na Kapsabet. Tunaanzia hapa kwa kuwa makala haya yanahusu kiambishi cha namna nyingine, -gate, ambacho nacho kilichotwa katika jina la pahali, lakini hakimtaji mwenye makao. Tunadai mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kina utaratibu wake wa kuzipa kashfa majina, nao una historia iliyo tofauti na ile ya Kiingereza. Pili, katika taratibu zote mbili wako watu ambao dhuluma waliyotendewa hubaki bila jina, na jambo lisilo na jina husahauliwa upesi.

Safari ya kiambishi

Watergate ni jina la majumba mjini Washington. Tarehe 17 Juni 1972 watu 5 walikamatwa humo, ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Na mwezi Agosti 1974 Rais Richard Nixon akajiuzulu. Waandishi wa magazeti, William Safire akiwa miongoni mwa walioueneza sana mtindo huo, walikikata kipande cha mwisho cha jina hilo wakakifanya kiambishi tamati. Barani Afrika, Afrika Kusini ilipata Muldergate mwishoni mwa miaka ya 1970. Zimbabwe ilipata Willowgate mwaka 1988, gazeti la The Chronicle la Bulawayo lilipofichua ulanguzi wa magari ya kiwanda cha Willowvale. Malawi ilipata Cashgate mwaka 2013. Kenya nayo ilipata Chickengate, baada ya mahakama mjini London kuitia hatiani kampuni ya uchapishaji ya Smith and Ouzman, Desemba 2014, kwa kuwahonga maafisa, wakiwamo wa tume ya uchaguzi ya Kenya. Hongo hizo zilikuwa zikiitwa "kuku" katika mawasiliano yao.

Kiambishi hiki hufanya kazi ya muhuri. Tukio lolote likishapigwa muhuri huo huwa ndugu wa anguko la Nixon, na jina lenyewe huahidi kwamba mwisho wa yote yupo mkubwa atakayeanguka. Pale ambapo hakuna aangukaye, ahadi hubaki katika jina tu, na msomaji huzoea kuisikia bila kuitarajia.

Kashfa hutangulia

Katika Kiswahili muundo ni mwingine. Ngeli ya nomino hujulikana kwa kiambishi awali, na viambishi tamati vina shughuli kubwa zaidi katika vitenzi. Jambo linapopewa jina, nomino ya jumla hutangulia, kisha a-unganifu huifungia mahususi yake: kashfa ya Goldenberg, kashfa ya Anglo Leasing, sakata la Richmond. Ndiyo sababu mwandishi wa Kiswahili aliyelikopa jina Chickengate zima zima bado huandika "kashfa ya Chickengate". Amesema jambo moja mara mbili, kwa kuwa sikio la msomaji wake hungojea aina ya jambo mwanzoni, wala haliitafuti mwishoni.

Neno kashfa lenyewe lina historia inayofaa kuzingatiwa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na maana yake ni kufunua. Kumkashifu mtu ni kumfunulia aibu na kumvunjia heshima mbele ya watu. Kwa maana hii mwenye kashfa ni msemaji, na anayeumia ni msemwa. Katika lugha ya magazeti, hususan tangu kurejea kwa vyama vingi, neno limehama kutoka kwa msemaji likamwendea mtendaji: kashfa sasa ni uovu uliofunuliwa. Hata hivyo maana ya kwanza haikufa. Mtuhumiwa angali anaweza kulalamika kwamba anakashifiwa, akautumia mzizi ule ule kumgeuzia lawama aliyesema.

Goldenberg ni mfano ulio wazi. Mapema katika miaka ya 1990 serikali ya Kenya iliilipa kampuni ya Goldenberg International fidia kubwa kwa madai ya kuuza dhahabu na almasi ng'ambo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu, alizitoa nyaraka za malipo hayo. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi yake hakuipata tena. Tume ya Jaji Samuel Bosire iliundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2006, mwaka ule ule aliofariki Munyakei. Billy Kahora ameyaandikia maisha yake kitabu. Jina "kashfa ya Goldenberg" ni jina la kampuni: ndani yake hayumo aliyechukua wala aliyefunua. Anglo Leasing ni hali mbaya zaidi, kwani lililotajwa ni kampuni hewa.

Nchi ya chai

Turejee Kericho. Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema kwamba walinyanyaswa na wasimamizi wao katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Walitakiwa ngono ili wapewe kazi au waendelee nayo. Suala hilo lilifika Bunge la Taifa, na uchunguzi ukatakiwa. Lakini jina halikuja. Hakuna -gate lililoenea, wala "kashfa ya" fulani iliyokaa vinywani mwa watu kama ilivyokaa Goldenberg.

Tunaona sababu tatu. Ya kwanza, hapakuwa na waziri wa kuanguka wala mabilioni ya Hazina ya kuhesabiwa, na muhuri wa -gate umezoea mambo hayo mawili. Ya pili, jina la kampuni lisingedumu. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Unilever ikauza biashara yake ya chai mwaka 2022. Mashamba ya Finlay yakauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023. Kashfa iitwayo kwa jina la mwajiri hupoteza anwani mwajiri anapobadilika, ilhali mchumaji yuko pale pale. Ya tatu ni ya lugha yenyewe. "Kashfa ya chai" ingesikika kuwa ni rushwa, maana katika Kiswahili cha mitaani cha Kenya kutoa chai ni kuhonga. Mmea unaochumwa na wanawake hao umekwisha kuazimwa kuwa jina la kosa dogo la wengine.

Hitimisho

Hata hivyo a-unganifu wa Kiswahili una uwezo ambao -gate haina. Kiambishi hicho aghalabu hupachikwa kwenye nomino. Kwa kawaida hakibebi kitenzi pamoja na mtendwa wake. A-unganifu hubeba kitenzi-jina pamoja na mtendwa wake. Mwaka 2024, wakulima wa Kenya walipouziwa mbolea isiyofaa, magazeti yaliandika "kashfa ya mbolea bandia", na hapo jina lilikitaja kitu chenyewe walichouziwa, si kampuni. Kwa muundo huo huo yawezekana kusema "kashfa ya kuwataka wachumaji ngono ili wapewe kazi". Jina hilo ni refu, na mhariri wa kichwa cha habari hatalipenda; lakini linasema kilichotendwa na aliyetendwa, na mwenye shamba akibadilika, litabaki kuwa kweli. Wanafunzi wa fasihi na isimu wanaokusanya msamiati wa siasa hawana budi, basi, kukusanya pia yale yaliyotendeka yasipewe jina, na kuuliza ni nani aliyenufaika kwa kukosekana kwake.